Kabla hujauliza ni inchi ngapi: namna ya kuchagua skrini ya kompyuta

Shemeji yangu ni mhasibu. Alipoanza kufanyia kazi nyumbani, laptopu yake ya inchi 14 ilimchosha haraka, akaamua kutafuta skrini kubwa ya kuiunganisha. Alirudi kutoka mjini na televisheni ya inchi 32. Bei ilikaribiana na ya monita ya inchi 24, ukubwa umezidi kwa mbali, na jioni watoto watapata pa kuangalia katuni. Akaiweka juu ya meza, akachomeka waya wa HDMI, akafungua jedwali lake la Excel. Wiki haikuisha akanipigia simu. “Shemeji, hebu pita nyumbani. Macho yananiuma, na hiki kitu nakiona kama kina ukungu.”

Nikapita, nikakaa kwenye kiti chake. Kingo za herufi zilikuwa na vijingazi, hasa kwenye mikunjo ya 3 na 8. Tarakimu nyekundu za madeni zilizungukwa na kivuli cha rangi ambacho hakimo kwenye faili. Pale chini kulia, saa ya kompyuta ilikatwa nusu na ukingo wa televisheni. Jambo lililomuudhi zaidi ni kwamba jedwali la mapato ya mwaka liliishia Agosti, na kila alipotaka kuona Septemba ilimbidi avute pembeni, kama alivyokuwa akifanya kwenye laptopu. Kioo kilikuwa kikubwa zaidi ya mara mbili kwa kipimo cha pembe hadi pembe, lakini kilichomo ndani yake hakikuongezeka hata safu moja.

Wengi wetu hupotea hapo. Tunaingia dukani tunauliza inchi, na muuzaji anatujibu kwa inchi. Inchi ni urefu wa mstari kutoka kona moja hadi kona ya pili iliyo mkabala nayo, basi. Hazisemi picha imeundwa na nukta ngapi, na ni nukta hizo, yaani pikseli, zinazoamua utaona maandishi mangapi na kwa usafi gani.

Fikiria kazi ya shanga. Ukipewa shanga 1,000 ndogo utasuka ua dogo lenye petali zinazoonekana vizuri. Ukipewa shanga 1,000 kubwa, ua litakuwa kubwa lakini ni lilelile, tena ukilisogelea utaona shanga kabla ya kuona ua. Laptopu ya shemeji ilikuwa na pikseli 1366 kwa upana na 768 kwa urefu. Televisheni nayo, kama zilivyo nyingi za bei nafuu za inchi 32, ilikuwa na 1366 kwa 768. Shanga zilezile, zimenenepeshwa.

Kipimo cha kutumia ni pikseli kwa kila inchi, na unaweza kukipata kwa kikokotoo cha simu ukiwa umesimama dukani. Ni ile kanuni ya Pitagorasi ya darasani. Chukua skrini ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080. Zidisha 1920 kwa 1920, zidisha 1080 kwa 1080, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: utapata karibu 2203. Gawa kwa 24, jibu ni karibu 92. Fanya hivyohivyo kwa televisheni ya shemeji, utapata 49. Ni karibu nusu, naye alikuwa amekaa mbele yake umbali wa mkono mmoja.

Umbali wa jicho ndio unaoipa namba hiyo maana. Televisheni imetengenezwa kwa mtu aliyekaa sebuleni. Anayeitazama akiwa mita 3 anaona pikseli hizo 49 zimebanana kama 245 zingeonekana kwa aliye sentimita 60. Ndiyo maana televisheni hiyohiyo inapendeza ukiwa kwenye kochi na inaumiza ukiwa mezani. Sina ubaya na televisheni. Kosa ni kuihamishia mahali ambapo jicho liko karibu mara tano zaidi.

Kwa kazi ya kusoma na kuandika, mimi huwashauri watu wasishuke chini ya pikseli 90 kwa inchi. Inchi 22 zenye 1920 kwa 1080 zinatoa kama 100, ni safi. Inchi 24 zinatoa 92, bado vizuri. Mtego ni inchi 27 zenye 1920 kwa 1080, ambazo maduka huzipenda kwa sababu zinaonekana kubwa na bei haipandi sana: hapo umeshuka hadi 82, na kwa mtu anayesoma mikataba kutwa nzima tofauti anaiona. Ukitaka inchi 27, tafuta yenye 2560 kwa 1440, inayokupa 109. Hiyo ndiyo skrini ninayoipendekeza kuliko zote kwa mtu wa ofisi mwenye uwezo, kwa kuwa unafungua kurasa mbili ubavu kwa ubavu na zote zinasomeka bila kuzikuza.

Halafu kuna 4K, yenye pikseli 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8 kwa jumla, mara nne ya zile za 1920 kwa 1080. Kwenye inchi 27 ni pikseli 163 kwa inchi. Maandishi yanakuwa laini kama ya kitabu, lakini madogo mno, hivyo kompyuta hulazimika kuyakuza, mara nyingi kwa asilimia 150. Ukishakuza hivyo, nafasi inayobaki ya kupanga madirisha ni ileile ya 2560 kwa 1440. Kwa maneno mengine, kwenye inchi 27 pesa ya ziada ya 4K inanunua ulaini wa herufi, hainunui nafasi. Kwa mtu ambaye macho yake ndiyo mtaji wake, mhariri kwa mfano, inastahili. Mwenye programu za zamani za uhasibu ambazo hazijui kukuzwa afikiri kwanza, maana nyingine huonyesha vitufe vidogo usivyoweza kuvilenga. Watumiaji wa Mac nao wana lao: tangu toleo la Mojave la mwaka 2018, Apple waliondoa mbinu ya kulainisha kingo za herufi iliyokuwa ikisaidia skrini zenye pikseli chache, kwa hiyo skrini ya inchi 24 inayosomeka vizuri kwenye Windows inaweza kuonekana hafifu kwenye Mac.

Umbo nalo lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Skrini nyingi leo zina uwiano wa 16 kwa 9, kwa sababu ndio uwiano wa televisheni. Kwa filamu ni sawa. Kwa barua, jedwali refu au msimbo wa programu, urefu wa kwenda chini ndio unaokosekana. Zipo za 16 kwa 10, zenye 1920 kwa 1200, na zile pikseli 120 za ziada kwenda chini ni mistari sita au saba ya jedwali. Usizidharau.

Baada ya pikseli, angalia aina ya kioo chenyewe. Na hapa tuliondoe kwanza neno linalochanganya watu wengi: LED. Skrini iliyoandikwa LED kwenye boksi bado ni LCD, ile ya kioo chenye kimiminika kinachozuia au kupitisha mwanga. LED ni taa tu zilizo nyuma ya kioo hicho, badala ya mirija ya zamani. Haikuambii chochote kuhusu ubora wa picha.

Linalokuambia kitu ni TN, IPS au VA, yaani aina tatu za kioo cha LCD. Jaribio lake ni rahisi sana. Fungua picha ya uso wa mtu, simama mbele ya skrini, kisha chuchumaa taratibu huku ukiitazama. Kwenye TN, uso ule utabadilika: mashavu yatakuwa meusi, kisha rangi zitageuka kama filamu ya picha kabla haijasafishwa. Kwenye IPS utabaki uso uleule. Teknolojia ya IPS ilitolewa na Hitachi mwaka 1996 kwa ajili ya tatizo hilohilo la kutazama kutoka pembeni. Kama mnakaa wawili mbele ya skrini moja, mteja na karani, mwalimu na mwanafunzi, TN itamdanganya mmoja wenu.

VA ina sifa yake. Nyeusi yake ni nyeusi kweli, kwa kuwa tofauti kati ya sehemu angavu na sehemu ya giza hufika 3,000 kwa 1, wakati IPS ya kawaida ni kama 1,000 kwa 1. Ukipenda kutazama filamu usiku taa zimezimwa, VA itakufurahisha. Lakini vitu vyeusi vinavyokimbia huacha mkia, na ukitazama pembeni rangi hupauka. OLED, ambayo kila pikseli hutoa mwanga wake yenyewe, ina picha nzuri kuliko zote hizo. Hata hivyo kitu kinachokaa mahali pamoja kwa saa nyingi kila siku, kama ule mstari wa chini wa Windows, kinaweza kuacha alama isiyofutika. Kwa mhasibu nisingeinunua.

Mwangaza hupimwa kwa kandela kwa mita mraba, na skrini nyingi za ofisi zina 250 hadi 300. Zinatosha chumbani. Kama dirisha liko nyuma yako na jua la mchana linaingia, hazitatosha, na dawa ya bei rahisi ni kuigeuza meza ili dirisha liwe ubavuni. Jioni fanya kinyume: skrini nyingi hutoka kiwandani zikiwaka kupita kiasi. Shika karatasi nyeupe kando ya skrini. Kama skrini inaonekana kama taa na karatasi inaonekana ya kijivu, punguza mwanga hadi vifanane. Nimewaona watu wakinunua miwani kwa tatizo ambalo kitufe kimoja kingelitatua.

Wanaotengeneza kadi za harusi, mabango au picha za mnato waangalie rangi. Kiwango cha msingi kinaitwa sRGB, kilichoandaliwa na HP na Microsoft mwaka 1996, na ndicho intaneti nzima inachokitumia. Tafuta skrini inayofikia asilimia 99 au 100 ya sRGB. Ukiona imeandikwa asilimia 72 ya NTSC, kiwango cha zamani cha rangi za televisheni, hiyo inakaribia sRGB kamili. Ukiona asilimia 45 ya NTSC, iache: wekundu utakuwa kama umefuliwa mara nyingi, nawe utaongeza rangi kwenye kadi hadi chapa itoke imeiva kupita kiasi, na bibi harusi hatakuelewa.

Hz, yaani picha inabadilishwa mara ngapi kwa sekunde, nitaipita haraka. Kwenye Hz 60 picha mpya huja kila milisekunde 16.7, kwenye Hz 144 kila milisekunde 7 hivi. Kwa wacheza gemu ni jambo kubwa, mradi kadi ya picha ya kompyuta iweze kuzalisha picha hizo zote. Kwa wengine 60 inatosha, 75 au 100 ni nyongeza nzuri wakati wa kushusha ukurasa. Na ile “1 ms” inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, yaani pikseli kubadili rangi kwa milisekunde moja, hupatikana kwa kuwasha mpangilio mkali kabisa, ambao huacha kivuli cheupe nyuma ya kila kinachosogea. Usiilipie.

Waya ndio unaoharibu mipango mizuri kuliko kitu chochote. Kabla hujatoka nyumbani, geuza kompyuta yako uangalie matundu yake. Tundu la buluu lenye vishimo 15 ni VGA, lililoletwa na IBM mwaka 1987. Linasafirisha picha kwa umeme unaopanda na kushuka, na kwa safari ndefu au waya mbovu herufi hupata kivuli. Bado linafanya kazi, ila kama una HDMI au DisplayPort, zinazopeleka picha kwa namba, tumia hizo. Kompyuta yenye VGA pekee na skrini yenye HDMI pekee haviwezi kuunganishwa kwa waya mtupu, lazima kuwe na kibadilishi chenye saketi ndani yake. Nimewahi kuuziwa waya wenye VGA upande mmoja na HDMI upande wa pili bila chochote katikati. Haukuonyesha picha siku hiyo na hautaonyesha kamwe, maana hakuna kinachotafsiri lugha moja kwenda nyingine.

Wanaonunua 4K wana mtego wao. HDMI ya toleo la 1.4, iliyomo kwenye laptopu nyingi za miaka iliyopita, hupeleka 4K kwa Hz 30 tu. Picha ipo, imejaa, lakini kishale cha kipanya kinaburuzika kama kimefungwa jiwe, na mwenye nacho analaumu skrini. Unahitaji HDMI 2.0 au DisplayPort 1.2 kwenda juu, pande zote mbili. USB-C ni raha ikifanya kazi, kwani waya mmoja unaleta picha na kuchaji laptopu, lakini si kila tundu la USB-C linatoa picha. Tafuta alama ndogo ya herufi D na P au ya radi kando ya tundu, na kama huna uhakika nenda na laptopu yenyewe dukani.

Na sasa mitumba, ambayo kwa wengi wetu ndilo soko halisi. Kariakoo, na Nairobi pale Luthuli, zinafika skrini zilizotolewa kwenye ofisi za nje zilipobadilisha vifaa. Mimi nazipenda. Skrini ya ofisi ya Dell, HP au EIZO iliyotumika mara nyingi ina kioo cha IPS na stendi inayopanda, kushuka na kuzungushwa hadi isimame wima, vitu ambavyo skrini mpya ya bei hiyohiyo haina. Lakini lazima uikague, na ukaguzi unataka subira.

Nenda na laptopu yako, waya wako, na picha tano za rangi tupu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, buluu. Iwashe kisha usiiangalie kwa dakika 15, piga stori na muuzaji, kwa sababu skrini mgonjwa mara nyingi huanza vizuri. Rudi na nyeupe. Tazama kona na kingo: njano au giza upande mmoja maana yake taa za nyuma zinachoka. Tazama kama kuna doa jepesi lenye umbo la kidole gumba, dalili kwamba ilibanwa safarini. Weka nyeusi, funika kwa kivuli cha mwili wako, uone kama mwanga unavuja kwenye pembe. Kisha rangi tatu, na macho yapite taratibu kutafuta nukta inayokataa kubadilika. Ukiiona, ifute kwanza kwa kitambaa kikavu, inaweza kuwa vumbi.

Kisha fungua menyu ya skrini yenyewe. Skrini nyingi za HP na EIZO zina ukurasa wa taarifa unaoonyesha saa ambazo imewaka tangu itoke kiwandani. Ofisi inayofanya kazi saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, inatumia saa 2,000 kwa mwaka. Ukikuta 8,000, hiyo imefanya kazi miaka minne. Ukikuta 30,000, ilikuwa ikiachwa inawaka usiku kucha au ni mzee kweli. Wauzaji wengi hawaujui ukurasa huo, na bei ya skrini ya saa 8,000 na ya saa 30,000 kwenye rafu ni moja.

Mwisho igeuze. Kibandiko cha nyuma kina mwaka wa kutengenezwa na umeme unaokubalika. Unataka usome 100 hadi 240, ili umeme wetu usiiunguze. Skrini za kabla ya mwaka 2010 nyingi zinatumia mirija yenye zebaki ndani, hula umeme zaidi na hugeuka njano, kwa hiyo zipite. Ya LED ya inchi 24 hutumia kama wati 20 tu, jambo zuri kwa mwenye UPS ndogo au sola. Angalia pia kama kuna matundu manne nyuma yenye umbali wa sentimita 10 kati yake, ili siku ukitaka kuifunga kwenye mkono wa mezani iwezekane.

Shemeji tulikwenda naye Jumamosi. Muuzaji alitutolea nne za aina moja, Dell za inchi 24 zenye 1920 kwa 1200, akasema, “Chagueni mnayotaka, bosi, zote nzima.” Ya kwanza ilikuwa na kona ya njano. Ya pili ilikuwa na nukta ya kijani karibu na katikati, ambayo shemeji aliiona kabla yangu. Ya tatu ilikaa dakika 15 bila kasoro, akailipia na waya wa DisplayPort juu yake. Nyumbani tuliishusha stendi hadi ukingo wa juu ukawa sawa na macho yake, na televisheni ikarudi sebuleni, ambako watoto wanaipenda. Akafungua jedwali lilelile. Safu ya mwisho upande wa kulia ilikuwa Desemba.